Jicho Lifike Usoni Kwanza

Hotuba ya mpiga picha wa studio kwa wanakikundi cha kuweka na kukopa na familia zao, Ngamiani, Tanga, siku chache kabla ya siku ya picha za familia

Mama mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wangu shikamooni. Vijana hamjambo. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Nimeambiwa nisizidishe nusu saa kwa sababu chai imeshaiva na vitumbua vinapoa, kwa hiyo salamu naziacha hapo.

Mwenyekiti amenieleza mlichokubaliana. Sehemu ya faida ya mzunguko huu mnaitumia kupiga picha za familia, kila nyumba picha moja kubwa ya kutundika sebuleni, na Jumamosi ijayo ndiyo siku yenyewe. Nimeitwa niwaambie mje mmevaa nini. Nashukuru kuitwa mapema, maana kwa kawaida swali hilo huulizwa asubuhi ya siku ile ile, pasi ikiwa haijapata moto na mtoto ameshamwaga uji kifuani.

Jambo langu ni moja, mengine ni matawi yake. Anayeitazama picha yenu, jicho lake lifike usoni kwanza. Jicho la mtu halina subira: likikutana na picha hukimbilia penye weupe mkali, au penye rangi inayopiga kelele, au penye maandishi, na likishakamatwa huko uso unasubiri zamu. Kwa hiyo kuchagua nguo, kwenda kwa msusi, kupaka poda, kote huko tunaondoa vitu vitakavyolinasa jicho njiani.

Kipimo mnacho nyumbani. Kesho mchana vaa nguo unayoikusudia, simama hatua mbili kutoka dirishani, uso uelekee dirishani lakini jua lisikupige. Mwambie mtoto akupige picha kwa simu, kuanzia kiunoni kwenda juu. Halafu iangalie ile picha huku umefinya macho mpaka uione kwa ukungu. Umeona nini kwanza? Kama ni uso wako, nguo imefaulu. Kama ni mkufu, mkufu ubaki kabatini. Kama ni maandishi ya tisheti, hiyo tisheti ni ya kwendea mpirani. Usimwulize mtu mwingine kama umependeza, atakwambia umependeza.

Sasa tuanze na rangi nyeupe, maana nawajua watu wa Tanga: picha ikitajwa tu, baba anakwenda kutoa kanzu. Sina ugomvi na kanzu. Lakini sikilizeni kamera inavyofikiri. Ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina wastani wa kijivu. Mweke mbele yake baba na wanawe wanne, wote kanzu nyeupe. Kamera inaona weupe umejaa, inadhani mwanga umezidi, inaubana. Matokeo yake kanzu zinageuka za kijivu na nyuso, ambazo tangu mwanzo zilikuwa na weusi wake, zinazama. Ndipo mtu anaitazama picha na kusema, "mbona tumekuwa weusi hivi?" Hamkuwa weusi kiasi hicho. Mlihukumiwa kwa kanzu zenu.

Mpiga picha anayeijua kazi ataipuuza hesabu hiyo na kupima mwanga wa uso. Uso utatoka safi. Lakini sasa kanzu nayo inaungua: ile tarizi ya shingoni, kazi ya mkono ya siku nyingi, inafutika na kubaki weupe mtupu kama karatasi. Baina ya uso mweusi na kanzu nyeupe pye pana umbali mkubwa wa mwanga, na kamera ina mipaka ya kuunganisha vitu viwili vilivyo mbali hivyo. Simu za siku hizi hujitahidi, huchanganya picha kadhaa kwa mkupuo mmoja. Bado ukiikuza picha ya sebuleni utaona mahali iliposhindwa.

Dawa yake haina gharama. Kanzu ya rangi ya maziwa au ya kahawia iliyofifia huondoa nusu ya tatizo. Mwenye kanzu nyeupe tu avae koti juu yake, kama bwana harusi wa pwani. Koti la kijivu au la buluu iliyokolea linapunguza ule weupe hadi ukanda mwembamba kifuani, na tarizi inabaki hai. Kofia ya viua msiiache. Ina kivuli chake chenyewe kwenye yale matundu na inakaa juu ya uso, inaufungia mlango wa juu. Na kwa kuwa kanzu nyingine ni nyepesi, mwangalie mwenzako akisimama dhidi ya mwanga kabla hamjatoka nyumbani. Msuli wa miraba chini ya kanzu nyepesi huonekana wote, pamoja na fundo lake.

Nyeusi nayo ina mambo yake. Mama wa buibui jeusi akisimama mbele ya pazia jeusi, anabaki uso na viganja viwili vinavyoelea. Weusi wenyewe haufanani: buibui la mwaka jana lililofuliwa na kuanikwa juani, mbele ya taa linatoka la kahawia, na pembeni ya buibui jipya linajulikana. Vumbi, nyuzi na manyoya ya paka vyote vinasimama dede. Njooni na selotepu pana, uizungushe kiganjani upande wa gundi ukiwa nje, uipitishe nguo nzima. Kwa wavaa buibui na hijabu, kitu cha kuchagua kwa makini kuliko vyote ni mtandio, kwa sababu ndio uliogusana na uso. Mwanga hugonga mtandio ukarudi shavuni na rangi yake. Mtandio wa kijani kibichi unampa mtu kidevu cha mgonjwa. Rangi ya udongo, ya zambarau iliyoiva, ya dhahabu isiyometa, ya buluu ya bahari ya kina kirefu, hizo zinaipenda ngozi yetu.

Na hapa niseme neno, kwa sababu nimewasikia akina mama wengi wakiketi mbele ya kamera na kuanza kuomba radhi kwa weusi wao. Kwa miongo mingi filamu za rangi na mashine za kuzisafisha zilirekebishwa kwa kadi ya kupimia yenye picha ya mwanamke Mzungu. Mafundi wa maabara waliziita kadi hizo Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Ngozi ya bibi yako haikuwamo katika kipimo. Picha nyingi za zamani ambamo wazee wetu wanaonekana meno na macho tu zilitokana na vifaa na mikono ya namna hiyo. Kwa hiyo Jumamosi asije mtu na ombi la "nipunguze weusi kidogo". Siombwi hilo na sifanyi. Mnaujua ule msemo wa mtaani wa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Sitaki kuutengeneza kwa kompyuta. Na krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu za afya, achilia mbali picha.

Tuje kwenye kitenge, maana hapa ndipo penye maneno.

Najua mmeshanunua sare. Mwenyekiti amenionyesha: maua makubwa ya chungwa na buluu, doti kwa doti, na fundi cherehani ameshaanza kukata. Sare ni nzuri harusini. Watu wametawanyika ukumbini, wanacheza, wanatembea, na sare inasema hawa ndio upande wa bibi harusi. Katika picha ya familia hali ni nyingine. Watu saba wamekaa wamebanana, wote wamevaa ua lile lile. Hapo hakuna watu saba tena, pana kitambaa kimoja kikubwa chenye vichwa saba. Huwezi kujua mkono wa Mariamu unaishia wapi na bega la dada yake linaanzia wapi.

Ambao kitenge kimeshakatwa msikichome moto. Fanyeni hivi: mtu mmoja au wawili wavae kitenge kamili, tuseme mama na bibi. Wengine wachukue rangi kutoka ndani ya kitenge hicho hicho. Baba shati la buluu ile ya kwenye majani, binti gauni la chungwa lakini la chungwa lililotulia, kijana suruali ya kaki na shati lenye kola ya kitenge au mfuko tu. Hapo mnaonekana wa nyumba moja na kila mtu bado ana mwili wake. Na mkianza kupanga, anzeni na mtu mwenye machaguo machache kuliko wote. Kwa kawaida ni bibi, au ni mama mjamzito, au mtoto ambaye gauni lake la sikukuu ni moja. Wengine wamfuate huyo. Familia nyingi huanza na kijana wa chuo mwenye nguo nyingi, halafu bibi anaazimwa gauni lisilo lake.

Bibi asiazimwe gauni. Kama siku zote amejifunga kanga, aje na kanga. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alipokuwa ameshahamia Hamburg na kuitwa Emily Ruete, aliingia studio ya Kijerumani akapigwa picha akiwa na mavazi na mapambo ya Kizanzibari. Alikuwa na magauni ya Kizungu. Huko ndiko alikokuwa akiishi. Hata hivyo picha yake inayojulikana sana leo ni ile. Ukiitazama huoni mtu aliyejificha ndani ya nguo.

Ila kanga ina jambo lake moja: inasema. Nimesema jicho hukimbilia maandishi, na jina la kanga ni maandishi makubwa yaliyokaa kiunoni. Soma kanga yako kabla hujaja. Unakaa pembeni ya wifi yako, picha itatundikwa miaka thelathini, na kiunoni pako pameandikwa "Hasidi hana sababu". Hata kama hukumkusudia mtu, atapatikana aliyekusudiwa. Kukwepa ni rahisi, kunja upande wenye jina kwa ndani. Au chagua jina la heri uliache lisomeke kwa makusudi, nalo liwe limenyooka, lisikatwe katikati na pindo. Kanga mpya pia ifuliwe mara moja kwanza, ina wanga, inasimama kama boksi.

Nguo za mistari myembamba sana na vidraftidrafti vidogo viacheni. Kamera ya kidijitali inakusanya picha kwa vidoti vilivyopangwa safu kwa safu. Mistari ya shati ikikaribiana na safu za vidoti hivyo, vinagombana, na shati linatoa mawimbi ya rangi ambayo hayamo katika shati. Kuyaondoa baadaye ni kazi ngumu na mara nyingi hayaondoki yote. Mistari minene haina shida.

Atatokea mtu wa kunibishia, na afanye hivyo. Atasema: mbona Seydou Keïta? Kwa wasiomjua, huyu alikuwa mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Picha zake zimezunguka makumbusho ya dunia, na humo kuna wanawake wenye magauni ya maua wamekaa mbele ya pazia la maua, ua juu ya ua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake mwenyewe lenye matamvua. Kwa kanuni yangu nyuso zile zingepotea. Hazikupotea.

Nimezitazama sana zile picha. Kwanza hazina rangi. Ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna chungwa linalogombana na kijani, kuna viwango vya mwanga tu. Pili, alipiga zaidi kwa mwanga wa uani, na aliuelekeza shavuni mpaka uso ukawa ndio mahali pekee palipo laini na pasipo na nakshi. Katika kelele ya maua, uso ukawa ndio utulivu, na jicho likaenda huko kupumzika. Kwa hiyo na yeye alilifikisha jicho usoni, ila kwa njia ya nyuma. Anayetaka njia hiyo Jumamosi aniambie leo, nitalipanga pazia lake peke yake. Asinishtukize tu.

Keïta alikuwa na tabia nyingine ninayoipenda. Aliweka studioni suti, tai, saa, kalamu, redio, hata skuta ya Vespa, mteja achague. Watu walijipigia picha na maisha waliyoyataka. Studio za zamani za mwambao nazo zilikuwa na mambo yake ya namna hiyo, mapazia yaliyochorwa na viti vya heshima. Siwacheki waliofanya hivyo, na mimi nina koti moja la akiba pale studio, limeshavaliwa na maharusi wasiohesabika. Koti la kuazima halina ubaya likikukaa mabegani. Likiwa limekuzidi, mshono wa bega unateremka mkononi na uso unaonekana wa mtoto.

Akina baba nitawapitia haraka, kwa sababu ndugu zangu makosa yenu yanafanana. Kitambulisho cha kazini kitolewe shingoni. Simu, pochi na funguo vitoke mfukoni, vinatengeneza uvimbe. Kola iweze kuingiza vidole viwili, isiyoingiza inakata shingo. Ncha ya tai iguse mkanda, isifike kwingineko. Ukikaa, fungua kifungo cha koti na ukalie mkia wake, mabega hayatapanda masikioni. Na tafadhali sana, ile lebo iliyoshonwa nje ya mkono wa koti, na ule uzi wa alama ya msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, fundi aliviweka ili vitolewe baada ya kununua. Leteni wembe, tutavitoa pamoja.

Kuhusu ngozi na nywele, shida kubwa ni siku gani mambo yafanyike. Kusuka, iwe yeboyebo au twende kilioni au rasta, ifanyike Jumatano au Alhamisi. Nywele za Ijumaa usiku bado zimevuta, paji limenyooka, nyusi zimepanda, kuna vipele vidogo kwenye laini ya mbele, na mwenyewe hawezi kutabasamu kwa sababu kichwa kinauma. Hina nayo ikibanduliwa ni ya chungwa, inaiva ndani ya siku moja au mbili, paka Alhamisi. Piko la rangi ya nywele sishauri, wapo ambao ngozi yao hubabuka. Vijana wa kunyoa ndevu, kinyozi apitishe mashine Alhamisi ili vipele vipate kulala. Krimu mpya ya uso, sabuni mpya, usijaribu wiki hii hata kama shoga yako imemkubali.

Wenye wigi: nywele za plastiki hung'aa mbele ya taa kwa namna ambayo nywele za mtu haziwezi. Poda ya mtoto kidogo sana, ipake kwa brashi, halafu ikung'ute. Na ivaeni kuanzia Ijumaa nyumbani. Wigi ya siku ya kwanza hukaa kama mgeni, wewe mwenyewe unashika kila dakika.

Fondesheni ipimwe shingoni, isipimwe kiganjani. Kiganja chetu ni cheupe, kitakudanganya. Poda nyingi, na krimu nyingi za kukinga jua, zina zinki au titani, madini meupe yanayorudisha mwanga. Kwa macho hayaonekani. Flashi ikiwaka, uso unatoka na ukungu wa majivu huku shingo ikiwa ya kwako. Ipigeni picha kwa flashi ya simu chumbani kabla ya Jumamosi mtaiona. Halafu msijipake poda mpaka uso ukafa. Ngozi nyeusi uzuri wake mkubwa katika picha ni mng'ao: mwanga hukaa juu ya shavu, juu ya daraja la pua, kwenye mfupa wa kidevu, na huo ndio unaouchora uso. Ngozi ya Kizungu huchorwa zaidi na kivuli; yetu huchorwa na mng'ao. Ukiufuta wote kwa poda unabaki na sahani. Jasho ndilo adui, nalo linaondolewa kwa kugandamiza tishu, bila kusugua na bila kuongeza poda juu yake. Mafuta ya mgando yapakwe miguuni, viwikoni na mikononi bila woga. Kwenye paji la uso, kidogo kabisa.

Miwani. Kama umevaa miwani maisha yako yote, usiivue, alama za puani zitakusema na wajukuu hawatakutambua. Isafishe, na mimi nitakuomba uinamishe kidogo ili taa isikae kwenye kioo. Zile zinazobadilika zikawa nyeusi juani zitatusumbua kidogo barazani, mwenye jozi ya pili aje nayo.

Vitu vya ndani nisemeje mbele za wazee. Nguo nyepesi au ya rangi nyeupe, sidiria iwe ya rangi ya mwili wako. Nyeupe chini ya nyeupe inaonekana. Ya kahawia haionekani. Gagulo liwe fupi kuliko gauni. Nimemaliza.

Watoto wasivalishwe nyumbani. Waje na nguo za kuchezea, nguo ya picha iwe kwenye hanga ndani ya mfuko. Wavalishwe wakiwa wameshakula, wameshakwenda haja, na mpiga picha yuko tayari. Juisi ya ukwaju na biskuti za krimu ni za baada. Mtoto mchanga atakayepakatwa, angalieni rangi ya mpakataji: nguo nyekundu ya mama hupeleka wekundu wake moja kwa moja kwenye uso wa mtoto, hasa mtoto ambaye ngozi bado haijakolea. Viatu vipya, geuza soli uangalie. Mtoto akikaa mkekani soli ndiyo inayotazama kamera, na bei ya duka bado ipo.

Kuna familia mbili zimeniuliza pembeni kuhusu aliyetangulia, kama inafaa kushika picha yake. Inafaa sana. Ila itoeni kwenye kioo cha fremu kabla hamjaja, kioo kitarudisha mwanga na atakayeonekana humo ni mimi na kamera yangu. Fremu bila kioo. Na picha hiyo ishikwe kifuani, karibu na nyuso za wengine, isiwekwe magotini.

Jumamosi hatutapigia juani. Jua la Desemba hapa Tanga saa sita liko karibu utosini. Macho yanakuwa mashimo na pua inadondosha kivuli mdomoni. Nimelikagua baraza la ukumbi huu. Lina paa juu, uwazi mbele, sakafu ya saruji iliyopauka inayorudisha mwanga laini chini ya kidevu. Hakuna studio ya kukodi itakayowapa mwanga huo. Pazia langu ni la kijivu kilichokolea, kwa hiyo anayekusudia suti ya kijivu hiyo hiyo afikirie tena. Maua ya mbele hapa nitaomba yaondolewe, hata yale ya plastiki, mama mwenyekiti uniwie radhi.

Tutaanza saa moja na nusu asubuhi na wazee na wenye watoto wachanga, kabla hakujawa na joto na kabla mtu hajachoka. Familia kubwa saa tatu. Ikifika saa nne na nusu tunasimama, tunaendelea saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili kasorobo. Msije saa kumi na mbili kamili mkitegemea mwanga wa jioni, kwetu huku jua likiamua kuzama halibembelezi, nusu saa tu giza. Wanaokuja kwa bodaboda wafunge kichwa kwa kitambaa laini chini ya helmeti, na wasivae nguo ya picha barabarani. Kuna chumba cha nyuma chenye kioo, na nimeomba pasi mbili na ubao wake. Mlete hanga zenu, pini za kutosha, tishu, na chupa ya maji. Kila familia ije na mtu mmoja asiyepigwa picha, jirani au shemeji, wa kuangalia kamba za nguo zilizochungulia na kola zilizokunjwa, kwa sababu mimi nitakuwa natazama macho yenu.

Naona vitumbua vimeshaingia. Maswali tunaweza kuulizana huku tunakunywa. Aanze yule mama wa safu ya mwisho, aliyeinua mkono tangu nilipotaja sare.